ANA imetoka pozitivu na siumwi kitu, je ndo nishaanza lupasi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Dodoma, nimelifupisha kidogo (ANA ni kipimo cha damu cha kingamwili zinazoshika kiini cha seli za mwili wenyewe, na lupasi ni ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wake): "Shikamoo dokta. Nina miaka 29, sijazaa bado ila tunafunga ndoa mwakani. Dada yangu ana lupasi, figo zimemsumbua sana na mimi ndo nilikuwa namuuguza. Juzi tulienda chekapu ya kazini nikaomba na mimi nipimwe ANA, majibu yamekuja pozitivu 1:160. Siumwi kitu, sana sana uchovu, na nani hana uchovu siku hizi. Nimesoma mtandaoni kwamba hizi kingamwili zinaanza kuonekana miaka mingi kabla ya ugonjwa, kwa hiyo nimeshaanza? Nianze dawa mapema nisifike alipofika dada? Kuna mama kazini ananiuzia dawa ya kusafisha damu na kuongeza kinga, nitumie? Na mtoto itakuwaje?"

Marahaba mdogo wangu. Pole na kuuguza, najua ukishamuona mtu wako wa karibu kavimba miguu na uso kwa ajili ya figo, karatasi yoyote yenye neno pozitivu inakunyima usingizi. Nianze na jibu lenyewe kisha maelezo yafuate: kwa haya uliyoandika huna lupasi, na kuna uwezekano mkubwa sana kwamba hutaipata maisha yako yote. Dawa usianze. Ya yule mama wa kazini ndo kabisa usiguse, nitakwambia kwanini.

Tuanze na hiyo 1:160 maana naona watu wengi wanaisoma kama vile ni kiwango cha ugonjwa, sio. Maabara wanachukua maji ya damu yako wanayazimua, wanayamwaga kwenye kioo chenye seli za binadamu zinaitwa HEp-2, wanaweka rangi inayong'aa halafu mtaalamu anachungulia kwenye darubini. Kama humo mna kingamwili zinazoshika kiini cha seli basi kiini kinang'aa. Wanaendelea kuzimua mpaka mng'ao upotee, kwa hiyo 1:160 maana yake damu yako imezimuliwa mara 160 na bado ilikuwa inang'aa. Ni jicho la mtu pale, maabara mbili zinaweza kukupa majibu mawili tofauti kwa damu ileile na hakuna aliyekosea. (Tena hizo seli za HEp-2 zamani zilidhaniwa zimetoka kwenye kansa ya koo la mtu, baadae ikaja kugundulika zilikuwa zimevamiwa na seli za HeLa, zile za Henrietta Lacks wa Baltimore zilizochukuliwa 1951. Yaani damu yako inajaribiwa kwenye seli za yule mama hadi leo.)

Sasa watu wazima wasioumwa chochote wanatoaje? Mwaka 1997 maabara kadhaa za kimataifa zilikaa pamoja zikapima watu wenye afya zao. Wakizimua mara 40 tu, karibu theluthi nzima walikuwa pozitivu. Mara 80 ni kama 13%. Mara 160, hapo ulipo wewe, 5%. Hata mara 320 bado 3% walikuwa wanang'aa na wazima kabisa. Sasa piga hesabu mwenyewe, hata tukisema lupasi inampata mtu mmoja kati ya 1000, ukikusanya watu 1000 utakuta 50 wana majibu kama yako na mgonjwa wa lupasi ni mmoja. Hao 49 wengine wanalima, wanafundisha, wanaendesha daladala, na hawajui kama wana kitu. Ndo maana sisi tunaotibu haya magonjwa tunanung'unika kila siku kwamba ANA isiwekwe kwenye paketi za chekapu, hicho kipimo kinamfaa mtu mwenye dalili, kwa asiye na dalili kinaleta wasiwasi tu. Ila umeshapima, hatuwezi kukifuta, tuangalie tunafanya nini nacho.

Kwanini mtu mzima awe na kingamwili zinazolenga mwili wake? Zamani wakubwa wa fani hii waliamini haiwezekani, Paul Ehrlich wa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 alisema mwili una woga wa kujidhuru wenyewe, na ikachukua mpaka miaka ya 1950 Noel Rose na Ernest Witebsky kule Buffalo Marekani kuonyesha kwa sungura kwamba ukimchoma sungura dondoo la tezi yake ya shingo, kinga yake inaweza kuigeukia tezi hiyohiyo. Leo tunajua zaidi. Seli B, hizi zinazotengeneza kingamwili, zinazaliwa kwenye uboho wa mifupa kwa kubahatisha, mwili unachanganya vipande vya jeni hovyohovyo ili upate kingamwili za kila aina ya mdudu. Utafiti wa 2003 ulionyesha kwamba kwenye hizo seli changa kabisa, zaidi ya nusu, 55% mpaka 75%, zinatoka zikiwa zinashika vitu vya mwili wenyewe. Nyingi zinachujwa njiani, zingine zinalazwa, na zingine zinaachwa zifanye kazi, hasa zile za aina ya IgM ambazo hazishiki kwa nguvu, kazi yao mojawapo ni kusaidia kuzoa mabaki ya seli zilizokufa. Kwa hiyo kuwa na otoantibodi (kingamwili zinazolenga mwili wenyewe) kidogo ni hali ya mwili, kila mtu anazo kwa kiasi fulani, ugonjwa unahitaji zaidi ya hapo.

Halafu kuna mambo ya kwetu huku ambayo majarida ya Ulaya hayayagusii sana. Malaria ukiugua mara kwa mara inazichochea seli B kwa ujumla, zinamwaga kingamwili za kila namna na ANA inaweza kuingia humo. TB hivyohivyo, homa ya ini, kichocho. Kipimo cha RF cha baridi yabisi ndo kabisa, mtu ana homa ya ini ya C au TB anatoka pozitivu na viungo vyake havina neno. Dawa nazo: vidonge vya isoniazidi, vile wanavyopewa watu kuzuia TB, vinaweza kuifanya ANA ipande, hidralazini ya presha pia. Na kuna mfano ninaoupenda sana kwa sababu wajawazito wengi wa huku wanameza hiyo dawa, metildopa ya presha. Ukiitumia kwa miezi, mtu 1 hadi 2 kati ya 10 damu yake inaonyesha kingamwili zimebandikwa juu ya chembe nyekundu zake mwenyewe, kipimo cha Coombs kinasoma pozitivu, lakini wanaopasuka chembe kweli na kuishiwa damu ni wachache sana miongoni mwao. Kingamwili ipo, imeshika chembe kabisa, na chembe inaendelea na safari zake. Kwa hiyo swali la kwanza kwako, umetumia dawa gani mwaka huu mzima? Umemeza za kuzuia TB? Uliumwa malaria wiki chache kabla ya chekapu? Andika vyote umpelekee daktari.

Twende kwenye kile ulichokisoma mtandaoni maana hakikukosea, ila kimesomwa kinyumenyume. Kazi yenyewe ilitoka 2003. Jeshi la Marekani huwa linahifadhi damu za askari wake kwenye friji kwa miaka, watafiti wakawachukua askari 130 waliokuja kuugua lupasi wakarudi kwenye damu zao za zamani, za kipindi ambacho walikuwa wazima wanakimbia kwata. Waliokutwa na angalau aina moja ya otoantibodi kabla ya ugonjwa ni 115, yaani 88%, na mwingine alikuwa nazo miaka zaidi ya 9 kabla. Kazi nzuri sana, iliibadilisha fani. Lakini angalia walikoanzia, walianza na wagonjwa wakarudi nyuma. Wewe uko upande mwingine wa swali, uko mbele ya mlango unauliza nani atapita. Karibu kila mchezaji wa Taifa Stars alianza na chandimu mtaani, haimaanishi kila mtoto anayepiga chandimu ataitwa Stars.

Kitu cha maana zaidi kwenye kazi hiyo, na ndo hakisambazwi, ni mpangilio. Hazikuja zote siku moja. Zilitangulia ANA, za Ro, za La na zile za fosfolipidi (haya ni majina ya vitu vya mwili ambavyo kingamwili zinavilenga), wastani wa miaka mitatu na kitu kabla ya kugundulika ugonjwa. Zikafuata za DNA ya nyuzi mbili, kama miaka miwili kabla. Za Sm na RNP zikaja mwishoni, mwaka mmoja hivi kabla ya ugonjwa kujitokeza. Yaani mwili ulikuwa unaongeza aina juu ya aina, ukishasogea karibu na ugonjwa ndo zinajazana, na baada ya ugonjwa kutokea kasi ya kuongeza aina mpya inatulia. Kwa hiyo ninachotaka kujua kwako ni una ngapi, zipi, na zinaongezeka au zimekaa palepale. ANA peke yake ni aina ya mwanzo kabisa ambayo wengi wanabaki nayo hapohapo maisha.

Jambo hili la idadi limeonekana waziwazi zaidi kwenye kisukari aina ya 1, kile cha watoto. Kule watafiti wa Marekani, Ufini na Ujerumani waliwafuatilia watoto toka wachanga, matokeo yakatoka 2013: mtoto mwenye otoantibodi mbili au zaidi za kongosho, ndani ya miaka 10 karibu 70% walikuwa wameshapata kisukari. Mwenye moja tu, ni kama 14.5%. Asiye nayo kabisa, chini ya nusu asilimia hadi anafika miaka 15. Unaona hilo pengo kati ya moja na mbili? Ni kubwa kiasi kwamba siku hizi mtoto mwenye mbili anahesabiwa ameshaingia hatua ya kwanza ya ugonjwa hata kama sukari yake ni nzuri, na 2022 Marekani waliruhusu dawa ya teplizumabu kwa waliofika hatua ya pili, ambao sukari imeanza kuyumba, ili kuchelewesha. Kwenye jaribio lake iliwasogezea mbele kama miaka miwili. Lupasi hatujafika huko. Hakuna dawa iliyothibitishwa kumpa mtu mzima mwenye ANA ili asiugue, na kwenye baridi yabisi walijaribu haidroksiklorokwini kwa watu wenye kingamwili za CCP ambao viungo vyao havijavimba bado, jaribio likasimamishwa kabla ya muda kwa sababu waliomeza na wasiomeza waliugua sawasawa tu. Dawa hiyohiyo ndo watu wa mtandaoni wanakushauri uanze. Ni dawa nzuri mno kwa dada yako, na asiiache, lakini ukiimeza kwa miaka lazima uwe unapimwa macho, huwezi kujibebesha hivyo kwa ajili ya karatasi.

Sasa la dada yako. Sitakudanganya, undugu unahesabika. Ndugu wa mgonjwa wa lupasi wako hatarini zaidi kuliko mtu baki, na wazima wengi kwenye familia hizo wana ANA bila ugonjwa wowote, kwa hiyo majibu yako hayanishangazi hata kidogo. Ila "zaidi" ya kitu kidogo bado inaweza kuwa kidogo. Kwa mapacha waliofanana, wenye jeni zilezile kabisa, mmoja akiugua mwenzake anaugua kwa kama robo tu ya jozi. Mapacha wasiofanana, ambao kijeni ni sawa na wewe na dada yako, ilikuwa kama 2%. Jiweke hapo, kwenye asilimia chache. Na robo ya mapacha wa kufanana inakwambia pia kwamba jeni peke yake haitoshi, kuna mengine yanaingia, homoni, maambukizi, jua, sigara.

Cha kufanya wiki hii ni hiki. Usirudie ANA, haina maana kuirudia, ikipanda ikishuka haituongozi chochote. Nenda kapime mkojo, uangaliwe protini na damu, na ikiwezekana ule uwiano wa protini na kreatinini, ni kipimo rahisi na kwa lupasi ndo macho yetu kwenye figo. Pima presha. FBP, yaani kipimo cha damu nzima, waangalie chembe nyeupe, chembe sahani na wingi wa damu. Kreatinini, ya kuangalia kazi ya figo. Halafu mara moja tu, kama mfuko unaruhusu, zile kingamwili zenye majina: DNA ya nyuzi mbili, Sm, Ro, La, na za fosfolipidi kwa kuwa unataka kuzaa, pamoja na C3 na C4, protini za kinga zilizomo kwenye damu. Zikitoka safi zote, wewe ni mtu mwenye afya mwenye ANA, basi. Mkojo na presha utakuwa unaangalia mara moja kwa mwaka kwa sababu ya dada, mengine achana nayo. Hata vigezo vya kimataifa vya 2019 vinavyotumika kuwaweka wagonjwa kwenye kundi la lupasi, ANA ni kama kiingilio tu, ukishaingia lazima uokote pointi 10 na angalau moja itokane na kiungo kinachoumwa kweli, damu peke yake haikufikishi.

Na huo uchovu tusiupite tu, maana naona umeutaja kwa mzaha. Waombe wakupime TSH (homoni inayoiamsha tezi ya shingo) na kingamwili za TPO za tezi hiyo. Otoantibodi za tezi ni nyingi sana kwa wanawake, na zenyewe tunazijua vizuri kwa sababu kuna kijiji cha Whickham kaskazini mwa Uingereza wamewafuatilia watu wake miaka 20: mwanamke mwenye kingamwili za tezi huku TSH ikiwa nzuri, kila mwaka kama 2 kati ya 100 walikuwa wanaingia kwenye upungufu wa homoni, na mwenye kingamwili pamoja na TSH iliyopanda ni 4 na kidogo. Hapo ufuatiliaji una faida ya wazi maana tiba ni kidonge kimoja cha bei nafuu. Angalia na wingi wa damu, wasichana wengi wanaokuja kwangu wakihofia lupasi kwa ajili ya uchovu nakuta ni upungufu wa madini ya chuma.

Ya yule mama sasa. Kinga yako haihitaji kuongezwa, tunachoogopa hapa ni kinga iliyozidi kiherehere, sasa unaiongeza ya nini? Vile vidonge vya majani ya alfalfa vinavyouzwa kama virutubisho, miaka ya 1980 nyani walilishwa machipukizi yake wakapata ugonjwa unaofanana na lupasi, ndo maana wagonjwa wetu tunawakataza. Na kama unapaka mkorogo naomba uache leo. Nairobi, mwaka 1972, madaktari waliandika kuhusu wagonjwa 60 wa figo zinazovuja protini, 32 kati yao walikuwa wanatumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Mtu anavimba, protini imejaa kwenye mkojo, familia ina lupasi, kila mtu anaamini ni lupasi kumbe ni kopo la krimu bafuni. Sigara kama unavuta acha, jua la mchana wa Dodoma vaa kofia pana, kwa hatari yako ndogo hiyo inatosha.

Utarudi hospitali bila kusubiri mwaka uishe ukiona vidole vimevimba na asubuhi vimekakamaa zaidi ya nusu saa, mkojo unatoa povu lisiloisha, kifua kinachoma ukivuta pumzi ndani, vidonda mdomoni visivyouma, nywele zinatoka mafungu, au vidole vinageuka vyeupe kisha vya bluu kwenye ile baridi yenu ya mwezi wa saba. Upele wa usoni nao, ila usisubiri uwe mwekundu kama kwenye picha za mtandaoni, hizo ni ngozi za wazungu, kwa ngozi yetu unakuja wa zambarau au mweusi na unaweza kuacha makovu, wengi wanachelewa kwa ajili hiyo wakidhani ni aleji ya vipodozi.

Mwisho mtoto. Hapa ndo sababu kubwa nimekuandikia Ro na fosfolipidi. Mama mwenye kingamwili za Ro anaweza kuwa mzima kabisa, hajawahi kuumwa, lakini kingamwili hizo zinavuka kondo na kwa ujauzito 1 mpaka 2 kati ya 100 zinaharibu njia ya umeme kwenye moyo wa mtoto, mara nyingi kati ya wiki ya 18 na 24, mapigo yanashuka. Baadhi ya akina mama wanajua wana Ro kwa mara ya kwanza siku mtoto anapozaliwa na mapigo 50. Ukijijua mapema, moyo wa mtoto unaangaliwa kwa altrasaundi kipindi hicho, na hapo haidroksiklorokwini tunaizungumza kweli, hasa kwa aliyewahi kupata mtoto wa hivyo. Za fosfolipidi zikitoka pozitivu usiogope kwa kipimo kimoja, maambukizi yanazileta kwa muda, zinarudiwa baada ya wiki 12, zikibaki ndo unapangiwa aspirini ndogo na pengine sindano za kuzuia damu kuganda wakati wa ujauzito, kutegemea aina na historia yako. Zikitoka safi zote mbili, panga ndoa, beba mimba yako, na kliniki uende kama mwanamke mwingine yeyote. Mchumba unaweza kumwambia hata leo, lakini ningekuwa mimi ningesubiri majibu ya Ro ili nimwambie kitu kimoja kilichokamilika, kuliko kumgawia hofu ambayo wiki mbili zijazo inaweza isiwepo.